Salamabila haikuanza na dhahabu



Mwaka wa kwanza pale chuo, mwalimu mmoja alituomba tujitambulishe, kila mtu jina lake na kwao. Zamu yangu ilipofika nikasema: natoka Salamabila. Mbele hata sijakaa, sauti moja kutoka nyuma ikajibu: "Aa, kule kwa dhahabu na Mai-Mai, si njo vile?" Oditwari nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, maana ukiwa mgeni unacheka na wenyeji.

Lakini usiku lile neno lilinirudia. Si kwa sababu lilikuwa la uongo. Dhahabu iko, na Mai-Mai walikuwako. Lililoniuma ni kwamba sikuwa na jibu lingine. Nilijua mwaka Napoleon aliposhindwa Waterloo. Nilijua Bismarck aliunganisha Ujerumani namna gani, maana tulikariri yote kwa ajili ya mtihani wa dola. Ila kama mtu angeniuliza, "Kwenu kulikuwa nini mbele ya dhahabu?", ningenyamaza.

Leo nataka kujibu ile sauti ya nyuma. Nimechelewa miaka, lakini jibu ni refu na lina faida kwa sisi wote wa kusini ya Maniema.

Tuanze na jina. Kwenye karatasi zingine wanaandika Saramabila, zingine Salamabila. Ukilisikia hili la pili kwa sikio la Kiswahili, ni kama linauliza: salama, bila nini? Vijana wa kwetu wanalichezea kila siku. Salama bila barabara. Salama bila umeme. Salama bila salama. Ni mzaha, lakini mzaha wa watu waliochoka.

Sasa angalia ramani. Salamabila iko ndani ya teritwari ya Kabambare, kusini kabisa ya jimbo la Maniema. Ukielekea mashariki unaingia Fizi, Kivu Kusini, na mbele yake Ziwa Tanganyika. Ukielekea kusini unaingia jimbo la Tanganyika, ambalo mpaka 2015 lilikuwa sehemu ya Katanga. Magharibi kuna Kasongo, na mbele ya Kasongo mto Lualaba. Kwa hiyo sisi ni watu wa mpaka. Kwa Kindu tuko mbali, kwa Bukavu tuko mbali, kwa Kalemie tuko mbali. Kila makao makuu yanatuona kama mwisho wa dunia yake.

Kumbe kuna wakati hapa hapakuwa mwisho wa kitu. Palikuwa katikati ya njia.

Njia ya Ujiji

Kabla ya reli na kabla ya Wabelgiji, kulikuwa na njia moja kubwa kutoka pwani ya Bahari ya Hindi. Ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji kwenye ziwa. Misafara ikavuka ziwa kwa majahazi na mitumbwi, ikapanda milima ya upande wetu, ikaingia Kabambare, kisha Kasongo, kisha Nyangwe kwenye mto Lualaba. Anayesafiri leo kutoka Salamabila kwenda Kasongo kwa pikipiki, akipiga kelele juu ya matope, ajue kwamba pande hizo zilikanyagwa na maelfu ya watu mbele yake. Wengine walibeba bidhaa kwa mshahara. Wengine walifungwa minyororo.

Msafiri wa Ulaya aliyeacha maandishi mengi juu ya Kabambare ya zamani ni David Livingstone. Yeye aliandika Bambarre. Alifika tarehe 21 Septemba 1869, akifuatana na mfanyabiashara Muhammad Bogharib. Mwenye mji, ambaye Livingstone anaandika jina lake Moenekuss, alikuwa amekufa siku si nyingi, na wanawe wawili ndio walioshika kiti. Fikiri kidogo hapo. Mzungu huyu hakufika porini. Alifika kwenye mji wenye mwenye mji, wenye msiba wa mkubwa wake na habari ya nani anarithi.

Livingstone alikuwa anatafuta chanzo cha mto Nile. Alidhani Lualaba ndio Nile. Alikosea, maana Lualaba ndio mto Kongo wenyewe. Mwaka 1870 alijaribu kwenda mbele, mvua na matope vikamshinda, mwezi wa saba akarudi Kabambare na vidonda vya miguu vilivyomlaza karibu siku 80. Karatasi ikamwishia, akaandika juu ya magazeti ya zamani. Wino ukamwishia, akatumia maji ya matunda ya porini. Maandishi yale yalififia mpaka hayasomeki tena. Kuanzia 2010 hivi, wataalamu wa Uingereza na Marekani waliyapiga picha kwa mwanga wa namna mbalimbali, yakasomeka upya. Moja ya barua hizo aliiandika Kabambare kwa rafiki yake Horace Waller, mwezi wa pili 1871. Watafiti wa dunia wanaiita "Barua ya Bambarre". Yaani kuna watu huko ng'ambo wanaolijua jina la Kabambare kuliko jirani yangu wa oditwari.

Kutoka kwetu Livingstone akaenda Nyangwe, akafika mwisho wa mwezi wa tatu 1871. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wa wafanyabiashara walifyatua bunduki katikati ya soko lililojaa wanawake. Wengi walipigwa risasi, wengine walizama mtoni wakikimbia. Livingstone aliandika kwamba waliokufa walikadiriwa kuwa kati ya 330 na 400. Alivunjika moyo, akageuka kurudi Ujiji, na huko ndiko Stanley alikomkuta mwaka huo huo. Habari ya soko la Nyangwe ilifika Ulaya, ikaongeza nguvu ya waliotaka biashara ya watumwa ifungwe Zanzibar mwaka 1873. Soko la mama zetu wa Maniema ni sehemu ya historia ya dunia. Wengi wetu tumepata digrii bila kulisikia.

Wangwana, na sisi tuliotoka humo

Baada ya Livingstone akapita Cameron mwaka 1874, kisha Stanley mwaka 1876. Stanley alipita Kabambare mwezi wa kumi, na siku chache mbele akakutana na mtu aliyekuwa anashika nchi yote hii: Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule wazee wetu wanamwita Tippu Tip.

Juu ya Tippu Tip watu wa kwetu wana maneno ya aina mbili. Wengine wanasema: ni mwizi wa watu, tusimtaje. Wengine wanasema: ndiye aliyeleta Uislamu na Kiswahili, tumheshimu. Mimi naona hatuwezi kuchagua nusu moja na kutupa nyingine.

Nusu ya kwanza ni hii. Pembe za ndovu zilitoka hapa kwa bunduki. Vijiji vilichomwa. Watu walikamatwa, wakabebeshwa pembe mpaka pwani, na wengi hawakurudi. Hilo hakuna wa kulipunguza.

Nusu ya pili ni hii. Kasongo ikawa mji mkubwa. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyeingia na jeshi la Leopold, alishangaa mashamba ya mpunga, machungwa na bustani alizozikuta pale. Mpunga tunaokula leo Kasongo, Kabambare mpaka Kindu ulishika mizizi wakati ule. Lugha ninayowaandikia ilifika kwa njia ile ile. Wabelgiji waliiita Kingwana, kutoka neno wangwana, watu huru. Na hao wangwana si kwamba wote walitoka Zanzibar au Oman. Wengi walikuwa watoto wa hapa hapa: Wakusu, Wabangubangu, Wazimba na wengine. Wapo waliotekwa wakiwa wadogo, wakakua na bunduki mkononi, wakajiita waungwana na kuvaa kanzu, kisha nao wakaenda kuteka wengine.

Njo maana mtu akiniambia "sisi ni wenyeji asili, wale ni wageni walioletwa", namuuliza taratibu: babu yako wa nne alikuwa upande gani wa mnyororo? Kwenye familia nyingi za kwetu jibu ni pande zote mbili.

Na watu wetu nao walikwenda mbali. Mpaka leo Kigoma, Ujiji na Tabora kuna Wamanyema. Dar es Salaam kuna Msikiti wa Manyema. Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, watu wanazungumza Kiswahili, na wazee wao wengi wanataja Maniema kama kwao. Wengi wa hao mababu waliondoka hapa na mzigo kichwani au na kamba shingoni, wakajenga maisha mapya na hawakusahau jina la walikotoka. Sisi tuliobaki njo tumesahau kwamba tuna ndugu kule.

Vita viwili kwa miaka sita

Mwishoni mwa 1892 vita vilianza kati ya jeshi la Leopold II, likiongozwa na Dhanis, na wafanyabiashara wa Kasongo na Nyangwe. Tippu Tip mwenyewe alikuwa ameshaondoka 1890 kwenda Zanzibar, ambako alikufa 1905. Aliyebaki Kasongo ni mwanawe Sefu. Gongo Lutete, aliyekuwa mtu wao, aligeuka akawa upande wa Wabelgiji, na askari wengi wa pande zote mbili walikuwa Waafrika. Nyangwe ilianguka mwezi wa tatu 1893, Kasongo mwezi wa nne. Sefu aliuawa mwaka huo. Gongo Lutete naye, pamoja na msaada wake wote, Wabelgiji walimhukumu na kumpiga risasi mwezi wa tisa.

Halafu akaja Rumaliza kutoka Ujiji, Muhammad bin Khalfan kwa jina lake, na jeshi lake. Vita vikasogea upande wetu. Boma lake lilivunjwa mwezi wa kwanza 1894, na mwezi huo huo Kabambare ikachukuliwa. Rumaliza akakimbilia kwa Wajerumani ng'ambo ya ziwa. Vitabu vingi vinafunga habari hapo: "Waarabu wameshindwa, utumwa umekwisha."

Muulize aliyebebeshwa mpira na posho za askari wa Leopold kama utumwa ulikwisha.

Isitoshe, risasi hazikunyamaza. Mwaka 1897 askari wa Dhanis mwenyewe, wengi wao Watetela na Wakusu, waliasi huko kaskazini. Hawakusahau Gongo Lutete, na walichoka na safari, njaa na viboko. Waliteremka kusini wakipigana. Novemba 1898 waliiteka Kabambare na akiba yake ya risasi, na jeshi la Leopold likaikomboa mwishoni mwa mwaka. Kwa hiyo Kabambare iliangukia mikononi mwa jeshi mara tatu ndani ya miaka sita, na kila jeshi lilikula kwenye mashamba yale yale. Mtu akisema kwamba vita vya kwetu vimeanza 1996, mwonyeshe mwaka 1898.

Namna katikati ilivyogeuka pembeni

Swali linalonisumbua zaidi ni hili: mji uliokuwa njiani umekuwaje mji usiofikika?

Jibu la kwanza ni mpaka. Mwaka 1885 Leopold alitangaza mipaka ya dola lake, na upande wa mashariki mstari ukapita katikati ya Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ikawa ya Wajerumani. Ziwa lililokuwa daraja likawa ukuta. Baada ya vita vya 1894 biashara ya zamani kati ya Kabambare na Ujiji ilikatwa, na bidhaa zikageuzwa kwenda magharibi, kwa mto, kuelekea Boma na Antwerp.

Jibu la pili ni reli. Wabelgiji walijenga reli ya Kindu mpaka Kongolo, ikamalizika 1911. Kisha wakatoa reli Kabalo mpaka ziwani, mji wa Kalemie ya leo, ikamalizika 1915. Angalia hiyo njia kwenye ramani: inapita magharibi yetu na kusini yetu. Kasongo haikuguswa. Kabambare haikuguswa. Yule aliyechora mstari wa reli ndiye aliyeandika maisha yetu, na sidhani kama alitufikiria hata dakika moja.

Tulichopewa ni kazi ya lazima. Kuanzia 1917 sheria iliwalazimisha wanakijiji kulima mazao ya serikali, na Maniema ni moja ya mahali pa kwanza kulazimishwa pamba. Wakati huo huo wapagazi na askari walichukuliwa kwa ajili ya vita dhidi ya Wajerumani. Jeshi la kusini lililoingia Kigoma mwaka 1916 liliongozwa na Olsen, mtu aliyezaliwa Denmark.

Nimetaja Denmark kwa sababu, maana kule nako kuna watu wa mpaka. Kusini ya Denmark kuna miji midogo iliyorushwa huku na huku kama mpira. Mwaka 1864 Denmark ilishindwa vita, miji hiyo ikaingia mikononi mwa Prussia, baadaye Ujerumani. Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, watu wa mpakani waliulizwa kwa kura: mnataka kuwa wapi? Tarehe 10 Februari 1920 upande wa kaskazini ulipiga kura, na kama robo tatu walichagua Denmark. Kura zilihesabiwa kwa pamoja, kwa hiyo hata mji kama Tønder, ambao wengi wake walichagua Ujerumani, uliingia Denmark. Mwezi uliofuata upande wa kusini ulipiga kura, wakabaki Ujerumani. Hakuna aliyepata yote aliyotaka. Lakini mwaka 1955 serikali mbili zilitangaza kwamba walio wachache kila upande watakuwa na shule zao na lugha yao. Leo wanaishi, wanavuka, wanafanya kazi pande zote mbili.

Sisemi Wazungu ni malaika. Hao hao, miaka ile ile, walikuwa wanagawa Afrika kwa rula. Nasema tu kwamba kule mtu wa mpakani aliulizwa. Kabambare hakuna aliyeuliza mtu. Si 1885, na si siku zilizofuata, maana hata ndani ya nchi mistari iliendelea kuchorwa juu ya vichwa vyetu: Maniema ikawa jimbo kidogo miaka ya 1960, ikarudishwa ndani ya Kivu, ikatolewa tena kuwa jimbo mwaka 1988. Mtu wa Salamabila amebadilishiwa makao makuu bila kuhama nyumba.

Dhahabu, hatimaye

Sasa tumefika kwa ile sauti ya nyuma.

Chini ya ardhi yetu kuna mkanda wa dhahabu wenye urefu wa kilomita kama 210, kutoka Twangiza karibu na Bukavu, kupita Kamituga na Lugushwa, mpaka Namoya, hapa Salamabila. Ni mwisho wa mkanda. Hata kwa dhahabu sisi ni wa mwisho!

Wabelgiji walichimba Namoya mpaka mwanzo wa miaka ya 1960. Uasi wa Simba wa 1964 ulipita Kasongo na Kabambare, na Fizi ikabaki mikononi mwa waasi muda mrefu. Mwaka 1976 makampuni ya zamani ya madini ya Kivu na Maniema yaliunganishwa kuwa SOMINKI. Bei ya bati iliposhuka miaka ya 1980, SOMINKI ikalegea. Mwaka 1996 Banro, kampuni ya Kanada, ilianza kuinunua. Mwaka 1998 serikali ya Laurent-Désiré Kabila ikainyang'anya haki zake, wakashitakiana, na baada ya Kabila kufa wakapatana.

Wakati wakubwa wanashitakiana, nani alichimba? Watu wetu wenyewe, kwa koleo, nyundo na karai. Kizazi kizima kilisoma kwa dhahabu ile. Wengine wenu mnaosoma hapa, minervali yenu ililipwa na baba aliyeshuka shimoni. Halafu kampuni ikajenga kiwanda Namoya, na mwanzoni mwa 2016 ikatangaza kwamba uzalishaji wa biashara umeanza. Wachimbaji wadogo wakaambiwa watoke. Hapo kilio kikaanza: ya mashimo, ya nyumba, ya kazi walizotegemea. Kundi la Mai-Mai Malaika likapata vijana wa kuingia. Magari yakashambuliwa, wafanyakazi wakatekwa, raia wakauawa na kukimbia. Mwishoni mwa 2017 kampuni ikaomba kinga ya mahakama kwa sababu ya madeni. Septemba 2019 ikatangaza kusimamisha kazi.

Miaka mitatu na kitu tu, kutoka shangwe mpaka kufuli!

Linganisha na habari ya juu. Pembe za ndovu: zilitoka hapa, bei ikapangwa Zanzibar na London. Pamba: ilitoka hapa, bei ikapangwa Ubelgiji. Dhahabu: inatoka hapa, hisa ziliuzwa Toronto. Kila mara kitu cha thamani kiko kwetu, uamuzi uko mbali, na anayebeba mzigo ni kijana wa kijijini, awe mpagazi, mlima pamba au mchimbaji. Na kila mara kijana huyo anapokosa pa kulalamika, anatokea mtu wa kumpa bunduki. Wangwana waliwapa. Leopold aliwapa. Viongozi wa Mai-Mai waliwapa.

Hiyo si laana wala "tabia ya watu wa Kabambare" kama wengine wanavyotusema. Ni mpango unaojirudia, na mpango unaweza kuvunjwa na watu wanaoujua.

Tufanye nini, sisi wenye diplome?

Nimefikiria mambo matatu.

La kwanza, tukatae historia ya kugawana damu. Mtu akija na siasa ya nani mwenyeji na nani wa kuja, tumkumbushe kwamba kusini ya Maniema ni nchi ya njia. Wabangubangu, Wabuyu, Wahemba, Wabembe, Wakusu, waungwana: tumeoana, tumetekana, tumefichana wakati wa vita. Anayetaka damu safi hapa atabaki peke yake.

La pili, tukumbuke kwamba kwetu kumetoa pia elimu. Kasongo miaka ya 1970 kulikuwa na mradi wa afya wa madaktari wa Zaire pamoja na taasisi ya Antwerp. Mwaka 1981 utafiti wao juu ya chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo ulichapishwa kwenye jarida The Lancet, na fikra ya zone ya afya tunayotumia nchi nzima ilipata mafunzo mengi pale. Mama wa Kasongo aliyepeleka mtoto wake kupimwa alisaidia dunia kufikiri. Hiyo nayo ni historia ya kwetu, na haina tone la damu.

La tatu, na ndilo nililotaka kufika. Sehemu kubwa ya niliyoandika hapa juu imehifadhiwa na watu wa nje: Livingstone, Hinde, makampuni, wanajeshi. Tippu Tip peke yake alitusimulia kwa Kiswahili habari ya maisha yake, naye alisimulia upande wa mwenye bunduki. Upande wa aliyebeba pembe uko wapi? Uko kwenye vichwa vya wazee wetu, na wazee wanaondoka. Bibi yangu alikuwa akitaja majina ya mashamba ya pamba na jina la kapita aliyewachapa. Sikuandika. Amekufa nayo.

Kule mpakani mwa Denmark hata mji mdogo una chumba cha kumbukumbu: picha za shule, daftari za ushirika, barua za askari. Hazikuwekwa na serikali kubwa peke yake. Walimu wastaafu na wakulima walikusanya. Na karibu na Kasongo, pale Tongoni ulipokuwa mji wa zamani, watafiti wameshaanza kuchimba vigae na kuuliza wazee. Kazi imeanza, inatafuta mikono.

Kwa hiyo, mdogo wangu unayetafuta mada ya TFC: acha kuandika kwa mara ya 100 juu ya "athari ya mitandao kwa vijana wa mji". Rudi nyumbani likizo. Kaa barazani. Muulize mzee nani alijenga daraja, nani alichimba Namoya mbele ya uhuru, walilipwa kiasi gani na walikimbilia wapi mwaka 1964. Uliza na mama, si baba peke yake, maana soko la Nyangwe lilikuwa la akina mama. Rekodi kwa simu. Andika jina la kijiji na tarehe. Mpe mzee nakala yake. Ukirudi, tuweke pamoja, chama kitunze.

Na siku utakapojitambulisha kwenye oditwari, na mtu akakujibu "Aa, kule kwa dhahabu na Mai-Mai", usicheke kama nilivyocheka mimi. Mwambie: ndiyo, dhahabu iko. Lakini kaa chini kidogo, ndugu yangu, nikusimulie juu ya njia ya Ujiji.